Barua kwa Rukia: Usiikatize Kazi Hiyo

Mwanangu Rukia,

Huku Likoni hatujambo. Nyanyako anakusalimu sana, na kila feri ikipiga honi anauliza utavuka lini.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hukunipa nafasi ya kusema. Wataka kuacha uanagenzi wako wa usimamizi wa miradi ya ujenzi uende chuo, kwa sababu wenzako watavaa joho na wewe unabebeshwa mafaili ya watu. Nimelipima jambo hilo na sikubaliani nawe.

Ulinieleza mwenyewe: unaandika kumbukumbu za mikutano, unarekebisha ratiba kila Ijumaa, unafuatilia vifaa vimekwama wapi. Mama, hiyo ndiyo kazi ya msimamizi wa mradi. Mimi nimekuwa mnyapara mpaka mvi zikanitoka, na hasara kubwa nilizoziona hazikuletwa na mafundi wabovu. Kuna nyumba moja Nyali ilipigwa plasta ikalainika hadi ikang'aa, ndipo fundi wa umeme akatokea na mabomba ya nyaya. Kuta zikatinduliwa upya. Kila mtu alikuwa ameifanya kazi yake vizuri, ila ratiba haikuwa na mwenyewe.

Rangi ikichelewa wiki, pengine hakuna kitakachoharibika. Nondo zikichelewa, slabu inangoja. Na slabu ikishamwagwa, vipande vya majaribio vya zege hupimwa siku ya 28, hata bosi apige kelele vipi. Mradi ukisukumwa hivyo hadi masika ya Mei, mitaro yote ya nje utaichimba ndani ya maji. Kujua lipi lingoje na lipi lisingoje, mwalimu atakuchorea ubaoni, lakini wewe unaliona likila pesa za mtu.

Halafu kuna watu. Likumbuke daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021. Mkondo ulikuwa mmoja: sisi wa miguu twataka kuvuka, meli zataka kuingia bandari ya Kilindini, na meli ikija daraja lilikuwa likiachanishwa ipite, sisi tungoje. Mchoro wa mhandisi haumalizi jambo kama hilo. Lazima mtu akae na pande zote kabla ya msumari wa kwanza, na wewe tayari unakaa kwenye vikao vya namna hiyo, ingawa kazi yako ni kuandika.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana najua ndiyo inayokuuma. Cheti cha CAPM, cha wanaoanza usimamizi wa miradi, kinachotolewa na taasisi ya kimataifa ya Project Management Institute, hakidai digrii: kinataka cheti cha sekondari na saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi, kisha mtihani. Anza na hicho. PMP, cheti chao cha wasimamizi wazoefu, ni mlima mwingine. Asiye na digrii hudaiwa miezi 60 ya kuongoza miradi. Kwa hiyo weka daftari tangu leo: mradi gani, wewe ulifanya nini, nani anaweza kushuhudia. Uliyosaidia yaandike kuwa ulisaidia, uliyoongoza yaandike kuwa uliongoza. Baadhi ya maombi hukaguliwa, na hapo ndipo wajanja huumbuka.

Uliza pia kama mkataba wako wa uanagenzi umeandikishwa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Usione haya. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na wanaweza kuomba kurejeshewa gharama wanazotumia kuwafundisha watu wao. Ukiomba ada ya mtihani, huombi sadaka.

Chuo sikukatazi. Maliza hapo kwanza, kisha uingie masomo ya jioni ukiwa na mshahara wako na maswali yako mwenyewe.

Jumapili njoo na hiyo ratiba, hata kama ni ya kwenye simu. Nataka unionyeshe mmeagiza lifti lini, kwa sababu kwa ulivyonisimulia, naona mmechelewa.

Babako