Kuchenjua kelele za mbinguni: risala ya kikundi cha nyota kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mama Profesa, Mgeni wetu wa Heshima, Baba Prefe wa shule, walimu wetu, baba na mama zetu mliotoka Katuba, Ruashi, Kampemba na kwingineko, ndugu wanafunzi: jambo yenu!

Mama Profesa, tunakushukuru kwa kukubali kuja Jumamosi, siku ambayo wengine wako sokoni au kwenye matanga, tena chini ya jua hili la Oktoba linalosubiri mvua. Karibu sana.

Sisi ni wanafunzi kumi na mmoja wa sehemu ya sayansi. Tunasikiliza gesi ya haidrojeni ya Njia Nyeupe, lile kundi kubwa la nyota ambalo Jua letu nalo limo, kwa antena ya bati iliyowekwa juu ya paa la darasa la mwisho. Ina umbo la faneli ya pembe nne. Aliyeikata ni fundi wa bati wa Kenya (Kenya ya hapa mjini, si ile ya Nairobi), na mpaka leo anaamini ni ya kumiminia mahindi kwenye mashine ya kusaga. Nyuma ya antena kuna kikuza mawimbi, halafu kidude cha USB kilichotengenezwa kwa kuangalia televisheni, halafu kompyuta yetu moja.

Haidrojeni iliyotawanyika kati ya nyota hutoa wimbi la urefu wa sentimita 21, yaani masafa ya megahezi 1420.4. Mholanzi van de Hulst alilitabiri mwaka 1944, nao Ewen na Purcell wakalinasa kule Harvard mwaka 1951, kwa antena ya faneli kama yetu iliyotokeza nje ya dirisha. Wimbi hilo halijali mawingu wala mchana. Tena sisi wa Lubumbashi tumependelewa: kitovu cha Njia Nyeupe, ambacho watu wa Ulaya hukiona chini karibu na upeo wa macho, kwetu hupita juu karibu na utosi.

Lakini, Mama Profesa, hatukukuita uje kuangalia bati. Tunataka kukueleza habari za programu.

Kile kidude hupima mawimbi mara milioni 2.4 kila sekunde, na kila kipimo ni baiti mbili. Saa moja ya kusikiliza inatupa gigabaiti 17 na zaidi. Karibu zote ni kelele: joto la vyombo vyenyewe, joto la paa, simu za majirani. Tunachokitafuta ndani yake ni kilima kidogo kwenye mchoro unaoenea ukurasa mmoja. Safari ya kutoka kwenye gigabaiti 17 mpaka ukurasa mmoja, wataalamu wa nje huiita kupunguza data. Sisi tulilikataa neno hilo. Ukipunguza unga unabaki na unga kidogo, basi. Hapa kwetu neno lilikuwepo kabla hatujazaliwa: kuchenjua. Unaleta malundo ya mawe, unayaponda, unayaosha, unayayeyusha, na mwisho unashika kipande cha shaba mkononi. Ule mlima mweusi tunaoutazama kila siku pale mjini ni mabaki ya kazi hiyo.

Na hapa hakuna familia isiyo na mjomba aliyewahi kuchimba. Mjomba wa mwenzetu mmoja alipeleka magunia yake depo, kwa wanunuzi wa madini, mashine ya kupimia tenere, yaani kiasi cha madini ndani ya mawe, ikasoma 2. Akayabeba magunia yaleyale mpaka depo nyingine, mashine ya kule ikasoma 5. Jioni alirudi nyumbani na swali moja tu: hizi mashine zinazopima mawe yetu, zenyewe hupimwa na nani? Mwenzetu alituletea swali hilo kwenye kikundi, na tangu siku ile ndilo linalotuongoza.

Maana tulikuwa tumeshaaibika. Usiku wa kwanza tulipochora mchoro wetu, tuliona mwiba mrefu katikati kabisa, pale pale kwenye 1420.4. Tulipiga kelele hadi mlinzi akaja na tochi. Kesho yake mwalimu wetu wa fizikia hakusema mengi. Alisema: elekezeni antena chini, uwanjani. Tukaielekeza. Mwiba ukabaki vilevile. Uwanja wa mpira hauna Njia Nyeupe, Mama Profesa. Ule mwiba ulikuwa wa kidude chenyewe. Vidude vya aina hiyo huweza kuuweka katikati ya masafa uliyoyachagua, na sisi tulikuwa tumeyachagua masafa ya haidrojeni yawe katikati. Siku hizi tunaisogeza katikati hiyo pembeni kidogo, na kila kipindi cha kusikiliza kinaanza kwa kuupima uwanja, ambao joto lake tunalijua.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Dunia inalizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kila sekunde. Mwezi Machi inakimbilia upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, mwezi Septemba inakiacha nyuma. Kwa hiyo wimbi lilelile husogea kwenye masafa, nasi msogeo huo tunausoma kama mwendo, na programu lazima iurekebishe. Tulisikiliza sehemu ileile Machi na Septemba. Kama programu ni nzima, vilima viwili vinapaswa kulaliana. Kama haikurekebisha chochote, vitaachana kwa karibu kilomita 60 kwa sekunde. Vyetu viliachana kwa karibu 120. Tulikaa na namba hiyo siku tatu, mpaka mdogo kuliko wote kati yetu akasema: hii ni mara mbili ya kutofanya kitu! Akafungua programu, akakuta alama ya kujumlisha mahali pa alama ya kutoa. Programu yetu ilikuwa inatibu ugonjwa kwa kuuongeza, na ilikuwa imetuchorea michoro mizuri mwaka mzima bila kulalamika.

Tulipoanza kusoma tuliona kwamba hata wakubwa hujijaribu hivyo hivyo. Programu ya AIPS, ya kuchenjua data za darubini za redio, iliyoanza kuandikwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, ina jaribio lake liitwalo DDT: data ni zilezile, majibu yake yamehifadhiwa, na kompyuta mpya inalinganishwa nayo kabla ya kuaminiwa. Wale waliotoa picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87 mwezi Aprili 2019 waligawanyika kwanza katika timu nne zisizoambiana kitu. Halafu wakazilisha programu zao data za bandia: pete, hilali, madoa mawili, na sahani isiyo na tundu. Sahani hiyo ndiyo tuliyoipenda sisi. Programu iliyozoea kutafuta pete inaweza kukuchorea pete hata pasipo na tundu, na usipoijaribu kwa sahani hutajua kamwe. Na kule kwenye darubini ya redio ya Parkes, Australia, ishara za ajabu zilizowasumbua wataalamu kwa miaka zilikuja kueleweka mwaka 2015: mtu alikuwa anafungua mlango wa mikrowevu kabla muda haujaisha. Basi akina mama mtusamehe tukiuliza jikoni kuna nini.

Kwa sasa tuna sheria moja ya kikundi. Yeyote anayegusa programu, hata akibadilisha herufi moja, anarudia majaribio yote ya zamani mbele ya mwenzake. Inachosha. Wawili walituacha kwa sababu hiyo, wakaenda kwenye kwaya.

Mama Profesa, shida zetu hazihitaji maneno mengi. Umeme unakatika katikati ya kusikiliza, na data ya nusu saa haiungani vizuri na ya nusu nyingine, kwa kuwa vyombo vinapoa kisha vinapata joto upya. Diski yetu inajaa kwa siku mbili, hivyo tunafuta data ambazo tungependa kuzijaribia programu baadaye. Tunaomba paneli ya jua na betri yake, diski ya nje ya terabaiti mbili, na kompyuta ya pili ili watu wawili waweze kuichenjua data moja bila kuchunguliana. Juu ya hayo tunaomba barua yako, tukaribishwe mara moja kwa mwezi kwa wanafunzi wako wa chuo kikuu. Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa, imo kati ya nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika SKA, darubini kubwa ya redio. Nchi yetu haimo. Kule Karoo, Afrika Kusini, antena 64 za darubini ya redio ya MeerKAT zinafanya kazi tangu 2018, na kinachotoka kwenye antena hizo kinahitaji watu wa kukichenjua kuliko kinavyohitaji bati.

Sasa tunaomba utusaidie jambo moja kabla ya chakula. Mezani kwako kuna karatasi na bahasha. Andika masafa yoyote kati ya 1419.5 na 1421.3, mpe mwalimu wa fizikia ayaone, halafu ufunge bahasha uiweke kwenye mkoba wako. Mwalimu atapenyeza ishara ya bandia mahali hapo, ndani ya data za usiku wa jana, sisi tukiwa nje. Ukipenda, acha karatasi tupu bila kutuambia, na jibu sahihi la programu liwe kwamba hakuna kilichoongezwa. Tutahitaji dakika kumi na tano. Umeme ukikatika tusubiri kidogo: betri ya gari la Baba Prefe tumeshaiunganisha.