Kona fupi isiwe mtego kwa watoto wa magongo

Mhariri,

Kanda ya magharibi inajulikana nchini kote kwa mpira wa magongo. Shule za Kamusinga, Musingu na Tigoi zimelea vipaji kwa miaka mingi. Lakini bado tunawaingiza watoto uwanjani wakiwa na gongo jipya na jezi safi, huku uso na meno vikiwa wazi.

Mpira wenyewe una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ni mgumu. Kile kisahani cha hoki ya barafu kina gramu 156 hadi 170, karibu sawa. Hata hivyo, Canada na Marekani mtoto hachezi barafuni bila kofia yenye wavu au kioo cha kufunika uso mzima. Wala hawakuishia kwenye vifaa. Watafiti walilinganisha watoto wa miaka 11 na 12 wa Alberta, walioruhusiwa kukumbana kwa mwili, na wenzao wa Quebec, ambako ilikatazwa. Wa Alberta waliumia kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wenzao. Marekani ikapiga marufuku kukumbana kwa umri huo mwaka 2011, Canada ikafuata mwaka 2013. Sheria ikisimamiwa nayo huokoa wengi.

Sheria za kwetu zipo, ila hazisimamiwi, hasa kwenye kona fupi, yaani mpira wa adhabu unaoanzishwa kwenye mstari wa goli. Huko mabeki wanne na kipa hutoka mbio kumkabili mpigaji. Shuti la kwanza likiwa la kuvuta gongo na kupiga kwa nguvu, lazima mpira uvuke mstari wa goli bila kupaa zaidi ya milimita 460, yaani kimo cha ubao wa goli. Beki aliye ndani ya mita 5 akigongwa na shuti hilo la kwanza kwenye goti au juu yake, huku amesimama kawaida, shuti ni la hatari na mpira unapewa mabeki. Sasa, goli lisilo na ubao refa atapimaje? Shule ipake mstari wa rangi sentimita 46 kutoka chini kwenye kila nguzo. Kopo dogo la rangi linatosha magoli yote mawili, kwa hivyo hakuna mwalimu mkuu wa kutuambia bajeti haitoshi.

Sheria inawaruhusu mabeki kuvaa barakoa ngumu wakati wa kona fupi. Seti ya barakoa nne iwekwe kando ya goli, izungushwe kati ya wachezaji. Beki anayetoka wa kwanza afundishwe kukimbia pembeni kidogo ya njia ya mpira, gongo chini ndani ya njia hiyo, mwili nje. Anayekimbilia shuti kifua mbele anaadhibiwa na refa, na anaweza kuvunjwa mbavu.

Kipa avae kofia ya magongo, kinga za miguu na za viatu, pamoja na kinga ya koo na kifua. Kofia ya bodaboda isitumike, kwani kioo chake kinaweza kupasuka mbele ya macho.

Kinga ya meno ya kulainishwa kwa maji moto kisha kung'atwa ikae imebana meno ya juu. Ikaguliwe kila muhula, maana taya la mtoto hukua. Jino la kudumu likitoka, lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Lisuuzwe kwa sekunde chache, lirudishwe mahali pake, na mtoto ang'ate kitambaa safi. Asipoweza, litiwe ndani ya maziwa. Kwa vyovyote vile, afike kwa daktari wa meno haraka, kabla ya saa moja kuisha. Jino la utotoni halirudishwi.

Uwanja wa changarawe nao unadai kazi. Kabla ya mechi wachezaji wajipange mstari, watembee upande hadi upande wakiokota mawe na kufukia mashimo ya kwato za ng'ombe. Jiwe dogo linatosha kuupandisha mpira usoni. Kwa wadogo, kocha aamuru mpira usukumwe tu, usipigwe.

Jambo linalotuumiza zaidi ni mtoto aliyegongwa kichwa kurudishwa mchezoni baada ya kumwagiwa maji. Akiyumba, akitapika, akisahau matokeo au akilalamikia mwanga, atoke na asirudi siku hiyo hata timu ikibaki na kumi. Akizidi kusinzia, akitapika tena na tena au akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi kwa hatua sita, kutoka shughuli nyepesi hadi mechi, kila hatua angalau saa 24, na daktari amruhusu kabla ya mazoezi ya kugusana. Mzazi aambiwe siku hiyo hiyo.

Tunawaomba waandalizi wa michezo ya kaunti ndogo jambo moja: refa anapokagua magongo kabla ya kipenga, akague pia meno na miguu. Asiye na kinga asianze.

Makocha wa mpira wa magongo wa vijana,
Kakamega