Barua kwa shangazi yangu wa Makambako: ile chupa itoe kabatini

Shangazi, shikamoo. Kamwene.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Ulisema, "Mwanangu, hiyo dawa inaishia mashavuni, nimeshaiweka kabatini," halafu ukahamia kwenye bei ya viazi. Najua hauko peke yako. Huku nyanda za juu kusini wako kina mama wengi wa rika lako wenye baridi yabisi vidoleni na macho yanayochoma, na wameacha dawa ya matone kimyakimya kwa sababu kuminya chupa kumewashinda. Basi na wao wasome.

Kwanza tumalize ule ubishi wetu wa siku zote. Unasema, macho makavu gani haya, mbona upepo wa Makambako ukivuma machozi yanatiririka? Ndiyo hivyo hivyo, shangazi. Jicho likikauka linakereka, na likikereka mwili unamwaga machozi ya dharura. Hayo ni maji tu, hayana mafuta na ute wa kutosha kuyashikilia jichoni, kwa hiyo yanamwagika na jicho linabaki lilivyokuwa. Kutoka machozi na kuwa na jicho kavu vinakaa pamoja bila shida.

Halafu kuna hili la mdomo. Hukuwahi kumwambia daktari, ila sisi tunaokula nawe tunaona: bila chai pembeni, ugali haushuki. Mwaka 1933 daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliandika juu ya wanawake waliokuwa na macho makavu na mdomo mkavu, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa viungo pia. Hali hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kinga ya mwili, ile ile inayoshambulia maungio ya vidole, inaweza kushambulia tezi za machozi na za mate. Kwa hiyo usiseme ni mikono ya kuchuma chai Mufindi enzi za usichana, wala uzee, wala jirani. Mwambie daktari yote matatu kwa pamoja: vidole, macho, mdomo. Kuna kipimo chepesi cha kipande cha karatasi kinachoning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika tano, waone machozi yamelowanisha kiasi gani.

Sasa mikono, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Daktari wa macho aliangalia macho. Wa viungo aliangalia vidole na magoti. Hakuna hata mmoja aliyekupa chupa mkononi akasema, hebu fungua hii, weka tone, nione. Hilo linanikera mpaka leo.

Asubuhi achana nayo kabisa. Vidole vyako vikiamka vimekakamaa, chupa ya nini? Kunywa chai, loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, vikilegea ndipo ushike dawa. Kifuniko kikigoma, kizungushie kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wa kufungia mizigo, uzungushe kwa kiganja badala ya ncha za vidole. Kipande kingine kivishe kwenye mwili wa chupa, usikaze, ili chupa inenepe kidogo na isiteleze. Chupa nyembamba ndiyo inayoumiza kidole gumba.

Usisimame mbele ya kioo. Lala chali kitandani, mto mwembamba, uso uwe umeshaupangusa kwa kitambaa safi. Kisha fumba macho. Ndiyo, fumba. Egemeza mkono kwenye paji la uso ili usitetemeke, shika chupa kati ya viganja viwili, dondosha tone kwenye kona ya jicho upande wa pua. Tone litakaa pale kwenye kijishimo. Sasa fumbua, pepesa taratibu, litaingia lenyewe. Hapo huhitaji kuvuta kope, huhitaji kulenga, na ile hofu ya kuona tone linakujia hutakuwa nayo. Ncha ya chupa isiguse jicho wala ngozi. Tone moja linatosha, kwa sababu jicho lenyewe halina nafasi ya kushika hata tone zima. La pili ukiliongeza papo hapo ni la mashavu kweli. Ukiwa na dawa mbili tofauti, ipishe ya kwanza dakika tano.

Jambo jingine la kumwuliza daktari ni jeli. Machozi bandia ya majimaji yanapita haraka, inabidi urudie mara nyingi kwa siku, na kila kurudia ni maumivu ya vidole. Jeli ni nzito, inakaa zaidi. Usiku kuna mafuta maalumu ya macho, nayo yanatia ukungu, kwa hiyo weka ukiwa umeshapanda kitandani. Si mafuta ya kujipaka mwilini, tafadhali. Nakujua.

Ukilazimika kuweka matone zaidi ya mara nne kwa siku, ni vizuri kutumia yasiyo na kemikali ya kuhifadhi dawa, kwa sababu kemikali hiyo yenyewe hukera jicho. Ila mara nyingi hayo huja katika vichupa vidogo vya kutumia mara moja, vya kunyonga kichwa, na kwa vidole vyako hapo pana kazi. Mjukuu akufungulie kimoja kabla hajaenda shule. Wapo pia wagonjwa ambao daktari huwawekea vizibo vidogo sana kwenye vitundu vinavyonyonya machozi kuyapeleka puani, ili machozi machache waliyonayo yabaki. Ukifika kliniki ya macho pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uliza hilo.

Vidonge vya piritoni unavyomeza ili upate usingizi navyo vinakausha macho na mdomo. Hilo hukuambiwa dukani. Na moshi, shangazi! Mwezi wa saba huo, mlango umefungwa, jiko la mkaa katikati ya sebule. Ukiacha macho, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua. Litoe nje. Ukienda sokoni vaa miwani mikubwa inayofunika pembeni, hata wakikuita msanii.

Ile chupa iliyokaa kabatini tangu Pasaka itupe. Nyingi zikishafunguliwa mwisho wake ni wiki nne. Na ile ya jirani iliyomtoa wekundu kwa siku mbili usiiguse. Nyingine zina dawa za steroidi, na zikitumika ovyo zinapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Jicho likiuma kwa ndani, likiwa jekundu sana, mwanga ukikuchoma au uoni ukipungua ghafla, usinisubiri mimi wala mnada uishe. Panda gari siku hiyo hiyo. Baridi yabisi inaweza kushambulia hata jicho lenyewe, na huko matone ya kulainisha hayatoshi. Kama kati ya vidonge vyako vya viungo kuna haidroksiklorokwini, macho yanatakiwa kupimwa kwa sababu hiyo pia, hata yasipouma.

Nimekutumia kifurushi kwa basi, kimepita Chimala na Igawa, kijana atakipokea stendi. Ndani kuna kibanio alichonichongea fundi wa hapa Uyole: vijiti viwili bapa vya mbao, urefu wa shibiri, vimeunganishwa upande mmoja kwa mpira. Chupa inakaa katikati karibu na maungio, wewe unabana ncha za mbali kwa viganja, na nguvu kidogo tu inatoa tone. Jizoeze kwanza juu ya bakuli. Nimeweka na karatasi ya kumpa daktari, maana najua ukifika pale utasema tu, "Sijambo, mwanangu." Nimeandika hivi: mgonjwa hawezi kuminya chupa wala kunyonga vichupa vidogo, mdomo nao umekauka, anaomba aangaliwe mikono kabla ya kuandikiwa dawa ya macho.

Mwanao wa Uyole