Kulanti ile ni tamu, ndiyo hatari yake

Mhariri,

Mimi ni fundi magari hapa Mwanjelwa, Mbeya. Juni iliyopita nilikinga kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, ya Fuso kwenye beseni, nikaenda kunywa chai. Mbwa wangu Simba akailamba. Siku hiyo alipepesuka kama aliyetoka kilabuni. Siku ya tatu figo zilikuwa zimekwisha, akafa. Kulanti nyingi ina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Mtoto angeiachaje?

Kitu cha kuitia uchungu kipo tangu 1958: denatoniamu. Haiondoi sumu, ila ukionja tone unatema. Waagizaji walazimishwe kuitia. Nasi mafundi (najisema na mimi) tuache kuweka kulanti kwenye chupa za soda.

Fundi,
Mwanjelwa, Mbeya