Toto wana herufi zao kwenye simu, Wasandawe je?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Siku hizi mnaandika sana habari za utalii wa huku Kanda ya Kati, michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa na nini, safi kabisa, ila kuna kitu naona tunakiruka, lugha za makabila madogo kama Wasandawe, na mimi nimekuja kukishtukia mbali kweli, huko chini ya milima ya Himalaya.

Nilikuwa nasoma India, kaskazini ya jimbo la West Bengal, likizo moja jamaa wa hosteli akaniambia twende Totopara. Kijiji kiko wilaya ya Alipurduar, mpakani na Bhutan, yaani ile milima unayoiona kwa juu ni nchi ya watu wengine. Unashuka treni Madarihat, jirani na hifadhi ya Jaldapara yenye vifaru wa pembe moja, halafu zinabaki kilomita kama 22 tu lakini hizo 22 ndo shughuli yenyewe, maana nilipopita mimi gari lilikuwa linaingia ndani ya mito, sio darajani, ndani kabisa, mawe na mchanga mtupu. Kiangazi pakavu kama makorongo yetu hapa Dodoma, ila mvua ikinyesha huko milimani Bhutan maji yanashuka ghafla na kijiji kinakatika, hatoki mtu haingii mtu. Watu wa Bahi hapo hamhitaji maelezo.

Wenyeji wanaitwa Toto (nikisema Watoto itakuwa vurugu, kuna wazee wenye mvi pale, kwahiyo nabaki na Toto). Wako kama 1,600 hivi, dunia nzima. Hao tu. Wanalima mipopoo, zile popoo za kutafuna na tambuu ambazo watu wa pwani wanazijua vizuri, na wana pombe yao ya ulezi inaitwa eu, inanyweka ikiwa ya vuguvugu. Kwa mtu aliyekulia Ugogoni pombe ya nafaka sio kitu cha kupigia picha, lakini mzee aliyenikaribisha alifurahi sana kusikia na sisi kwetu tunapika.

Sasa nilichotaka kusema ni hiki. Shuleni pale watoto wanafundishwa Kibengali, na kijijini Wanepali ni wengi kuliko Toto wenyewe kwahiyo mtaani Kinepali ndo kinatembea. Lugha ya Toto ilikuwa haina hata herufi zake, mtu akitaka kuiandika anaazima za Kibengali. Akatokea mtu wa palepale kijijini, Dhaniram Toto, akakaa chini akabuni herufi. Mwaka 2021 zikaingizwa Unicode, ule utaratibu wa kimataifa unaofanya maandishi yasomeke kwenye simu na kompyuta, na 2023 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Watu 1,600, mhariri! Hata kata moja ya huku hawajai.

Turudi nyumbani. Wilaya ya Chemba tuna Wasandawe, makumi ya maelfu, lugha yao ina zile sauti za kugonga ulimi ambazo wasomi wa lugha wanapanda ndege kuja kuzirekodi. Imeandikwa sana tu, hadi kamusi ipo, ila nenda Kwa Mtoro au Farkwa uliza nyumba kumi nani amewahi kuishika hiyo kamusi. Vitabu vinaandikwa huku vinasomwa Ulaya. Na vijana wa kule wakija mjini wengi wanaficha kabisa, akipigiwa simu na bibi yake anatoka nje kuongea, kisa wenzake watamcheka. Hiyo nimeiona kwa macho yangu hapahapa Dodoma mjini, na wanaocheka ni sisi Wagogo, tusijifanye hatupo.

Najua kuna atakayesema huyu analeta ukabila, tuna Kiswahili kinatutosha. Kiswahili nakipenda, ndo hiki naandikia, na sisemi mtoto afundishwe hesabu kwa Kisandawe. Nasema jioni baada ya vipindi, mara moja au mbili kwa wiki, mzee anayejua hadithi akae na watoto darasani, wapewe daftari, wajaribu kuandika wanachosikia. Afisa utamaduni wa wilaya analipwa kwa kazi gani kama sio hii? Posho ya mzee mmoja haifiki hela ya mafuta ya msafara mmoja wa viongozi kwenda kukata utepe.

Na nyie wa gazeti msiishie kutupigia picha za miamba, maana Kolo iliwekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 kwa sababu ya michoro ya watu wa zamani, sawa, lakini hapo Chemba kuna watu wazima na akili zao wanaongea lugha ya kale na hakuna mwandishi anayewafuata. Tumeni mtu. Barabara ni ya vumbi tu, hatopita ndani ya mto, labda aende masika.

Msomaji wenu,
Kizota, Dodoma