Kwa nini ratiba yako ya Malta ina fukwe mbili kwa siku moja

Ratiba zetu za Malta huwashangaza wateja kwa jambo moja: Jumanne imeandikwa ufuko wa magharibi "ama" wa kusini. Si kosa la uchapaji. Ufuko wa Malta hauchaguliwi ukiwa Dar es Salaam au Nairobi miezi miwili kabla ya safari. Unachaguliwa asubuhi ya siku yenyewe, upepo ukishajulikana unatoka wapi.

Aliyezoea Paje au Diani huuliza maji kwanza: yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi? Malta swali hilo halina kazi. Kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji mita 3 na zaidi. Kule tofauti ni kama shibiri moja, sentimita 20 hivi. Maji yapo palepale kutwa. Kinachoharibu siku ni mawimbi, na mawimbi huletwa na upepo.

Wamalta wana jina kwa kila upepo, kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi. Majjistral hutoka kaskazini-magharibi, na ndio unaovuma mara nyingi kuliko wote. Grigal hutoka kaskazini-mashariki, xlokk kusini-mashariki. Kanuni yenyewe ni fupi: ufuko unaotazama upepo unakotoka uache, nenda ulioupa upepo kisogo. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 27 tu, kwa hiyo kuhama upande hakukupotezei siku.

Tuanze na majjistral, maana huo ndio utakaokukuta. Golden Bay, Għajn Tuffieħa na Ġnejna zimepangana upande wa magharibi, mchanga mzuri, picha nzuri, na zote zinaupokea usoni. Għajn Tuffieħa unashuka ngazi zinazokaribia 200, kwa hiyo ukifika chini na kukuta bendera nyekundu, umejichosha bure. Usidanganywe na jua kali. Simama maji yakiwa magotini uangalie mchanga chini ya nyayo: wimbi likirudi linauchota, visigino vinazama, na mwili unavutwa kwenda mbele. Kama unalazimika kupiga hatua ili usianguke hapo kwenye magoti, kifuani hutasimama. Toka. Bendera mbili nyekundu maana yake bahari imefungwa, hata kwa anayejua kuogelea.

Siku hiyo nenda Għar Lapsi, upande wa kusini, au St Peter's Pool karibu na Marsaxlokk. Zote mbili ni za mwamba, hazina mchanga wa kutandika taulo, kwa hiyo chukua viatu vya maji vyenye soli ngumu: mwani wa kijani juu ya jiwe huteleza kama sabuni. St Peter's Pool watu hurukia majini kutoka juu, na kuingia ni rahisi. Kutoka ndiko kwenye kazi. Kabla hujaruka, tafuta ngazi ya chuma na uone kama maji yanaifikia kwa utulivu au yanaipiga. Xlokk ukivuma usiende kabisa, kwa kuwa bwawa hilo linatazama upande unakotoka.

Wenye watoto wadogo tunawapeleka Għadira, ghuba ya Mellieħa: mchanga wa mita 800 hivi, na maji ya kina kifupi kwa mwendo mrefu. Basi namba 41 na 42 kutoka Valletta hupita hapo. Inatazama mashariki, hivyo grigal huichafua, na siku hiyo unageuza ratiba na kurudi Golden Bay kwa basi namba 44 kutoka Valletta. Majjistral ukivuma, Għadira huwa shwari kama sinia, na hapo ndipo penye mtego: upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Mtoto aliyelala juu ya godoro la kupuliza husukumwa nje polepole bila wimbi lolote la kumshtua mzazi. Godoro liache hotelini.

Gozo, kisiwa cha pili cha Malta, mambo ni yaleyale. Ramla, yenye mchanga mwekundu, inatazama kaskazini. Ikichafuka, Ħondoq ir-Rummien iko upande wa pili. (Ramla kwa Kimalta ni ufuko wa mchanga, kutokana na neno la Kiarabu lililotuletea sisi ramli. Na bahari wanaiita baħar.)

Kusoma utabiri kuna makosa mawili tunayoyaona kila mara. La kwanza ni mshale: kwenye programu nyingi za simu huonyesha upepo unakoelekea, wakati jina la upepo hutaja unakotoka. Ukivichanganya utakwenda ufuko ulio kinyume kabisa. La pili ni kuangalia upepo na kusahau mawimbi. Upepo wa nguvu 3 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, yaani kilomita 12 hadi 19 kwa saa, haukuzuii popote. Nguvu 5 kwenda juu, badili upande. Lakini upepo ukitulia usiku, mawimbi yanaweza kuendelea hadi kesho yake, basi soma namba zote mbili.

Upepo huohuo huwasogeza konyeza ufukweni, hasa wale wadogo wa zambarau. Bendera ya zambarau ikipandishwa, usiingie majini. Ukichomwa, osha kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi kwa ukingo wa kadi ya plastiki, usisugue kwa mchanga wala kumwagia maji baridi ya bomba.

Siku moja tu kwenye ratiba haina "ama": ya Comino, kisiwa kidogo kati ya Malta na Gozo. Tangu 2025 anayetaka kushuka Blue Lagoon, ghuba ya kisiwa hicho, hujiandikisha kwanza mtandaoni, bila malipo, na kuchagua muda wake. Tunawachagulia wateja muda wa kwanza, unaoanza saa 2 asubuhi, kabla boti kubwa hazijamimina watu. Na hatuiweki siku ya mwisho ya safari, kwa sababu upepo ukizidi boti haziendi, na lazima ibaki siku ya kujaribu tena.