Kuhusu msumeno wa mkanda unaotaka kuununua

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, nasi huku hatujambo. Umeniuliza kama msumeno mdogo wa mkanda wa kukatia chuma, ule wa bei nafuu unaouzwa kwa ajili ya karakana za nyumbani, ni mashine ya kufanyia kazi au ni mzigo wa kujaza nafasi. Jibu langu ni kwamba ununue, ila uhesabu tangu mwanzo kuwa umeletewa mashine iliyomalizwa nusu, na kwamba nusu iliyobaki utaimalizia mwenyewe kwa spana, tupa na subira. Mwili wake ni mzuri. Kilichopunguzwa ili bei ishuke ni muda wa fundi wa kiwandani wa kuurekebisha.

Karibu mashine zote za daraja hili zimetengenezwa kwa umbo moja, kwa hiyo ninaweza kuizungumzia hiyo uliyoiona bila hata kujua rangi yake. Mkono wenye magurudumu mawili yanayozungusha bledi, yaani ule mkanda wenye meno, hushuka kwa uzito wake juu ya jiliwa, yaani kibanio cha kushikia kipande, nao hukata chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 100 na ushei, au kipande bapa chenye upana wa milimita 150. Mota huwa na theluthi moja hadi nusu ya nguvu farasi, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba bledi ina unene wa milimita 0.65 hivi na huacha mkato wa takriban milimita moja, ilhali diski ya ile mashine ya kukatia kwa cheche hula karibu milimita tatu za chuma na kuzigeuza vumbi na joto. Ukitaka haraka, grainda itamaliza bomba jembamba kabla msumeno huu haujafika katikati. Kwa chuma kinene mambo hugeuka: unafunga kipande, unawasha, na huku mkono ukishuka unaendelea kupiga tupa kando yake, jicho likiwa karibu, kipande kikianguka, uso wake umenyooka na uko tayari kulehemiwa. Majirani nao watakushukuru, hata kama hawatakwambia.

Kabla ya kukata chochote, chomoa waya wa umeme na ufungue kifuniko cha giaboksi. Ndani kuna gia ya parafujo inayopunguza mwendo wa mota, na katika mashine za bei hii si ajabu kukuta mafuta ni haba, au yamechanganyika na mchanga wa kusubia, yaani wa kalibu za kumiminia chuma, na chenga za kiwandani. Pangusa yote, tia mafuta mazito ya gia hadi sehemu ya chini ya gurudumu la gia izame, kata gasketi mpya ya karatasi, kisha ufunge. Baada ya hapo rudisha nyuma beringi zinazoiongoza bledi, uzungushe magurudumu kwa mkono na uangalie mgongo wa bledi unapita wapi. Unatakiwa kupita karibu na ukingo wa gurudumu bila kuusugua. Ukiusugua kwa muda mrefu, mgongo utafura na kuota nyufa ndogo ndogo, na hapo ndipo bledi nyingi hukatika huku meno yake yangali makali. Marekebisho hufanywa kwa kuliinamisha kidogo lile gurudumu lisiloendeshwa na mota, ukizungusha bolti yake robo mzunguko tu kila mara, kwa sababu bledi huchelewa kuitikia.

Jambo linalowakatisha tamaa wengi ni mkato kwenda upande, na hapa ningependa usome polepole. Chukua chuma cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 50 hivi, ukifunge kwenye jiliwa, uchore mstari wa chaki juu yake, kisha ukate ncha yake. Legeza, kizungushe nusu duara mpaka chaki iangalie chini, kisogeze mbele kidogo, ukate kisahani chenye unene wa milimita tano au sita. Usipokizungusha jaribio halina maana, kwa sababu nyuso mbili zilizoinama kuelekea upande mmoja hutoa kisahani chenye unene sawa kila mahali, nacho kitakuhakikishia kwamba mashine imenyooka wakati haijanyooka. Kikishazungushwa, kosa hujitokeza likiwa mara mbili ya ukubwa wake. Pima unene wake kwa kalipa juu na chini, kisha kushoto na kulia. Tofauti ya juu na chini inatokana na bledi kutosimama wima inapoingia kwenye chuma. Tofauti ya kushoto na kulia inatokana na jiliwa kutokaa mraba na bledi, na hiyo huondolewa kwa kulegeza bolti za taya lisilosogea na kulipanga upya kwa pembemraba. Usiiamini alama ya nyuzi (digrii) iliyochorwa kwenye jiliwa; iliwekwa pale kwa ajili ya picha.

Ule wima wa bledi hurekebishwa kwenye beringi. Baadhi ya beringi zinazoibana bledi kutoka pande zake mbili zimefungwa kwa bolti zenye shingo iliyowekwa kando ya kitovu, hivyo ukiigeuza bolti kidogo beringi husogea na kuisokota bledi upande unaotaka. Zikaribishe mpaka ziiguse bledi pande zote mbili, lakini bado uweze kuzizungusha kwa kidole bila kutumia nguvu. Mikono inayobeba beringi hizo uisogeze karibu na kipande unachokata kadiri inavyowezekana, kwa kuwa bledi iliyoachwa wazi kwa urefu mkubwa hupinda hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Tofauti ya milimita 0.2 kwenye kisahani cha kipenyo cha 50 maana yake kosa halisi ni 0.1. Ukifika hapo, acha, ufunge bolti zote, uende ukafanye kazi.

Bledi inayokuja na mashine ni ya chuma cha kaboni na hufaa kwa kujifunzia marekebisho hayo, si zaidi. Nunua ya metali mbili, ambayo mgongo wake ni chuma kinachopindika na ukingo wa meno ni chuma kigumu kilichounganishwa nao. Ile yenye kobalti ndiyo hudumu zaidi. Kwa kweli kama fedha hazitoshi kwa mashine bora na bledi bora kwa pamoja, mimi ningechagua mashine duni yenye bledi nzuri bila kusita. Kuhusu idadi ya meno, kanuni ya mafundi ni kwamba wakati wote angalau meno matatu yawe ndani ya chuma. Bledi ya meno 14 kwa inchi inahitaji ukuta wa milimita tano na nusu hivi, ya meno 18 inatosha kwa milimita nne na ushei, na kwa bomba lenye ukuta wa milimita tatu na ushei utahitaji meno 24. Ukikiuka kanuni hiyo, ukuta mwembamba utaingia katikati ya jino na jino na kuyang'oa. Usivuke mpaka wa pili vilevile: meno madogo sana kwenye chuma kinene hujaa chenga, yakaacha kukata na kuanza kusugua. Anza na ya meno 14, na uweke akiba moja ya 24.

Kwa chuma cha pembe, kilaze mgongo ukiwa juu kama paa la nyumba, ili bledi ikutane na kuta mbili nyembamba zilizoinama, badala ya kuangukia ubavu mzima kwa mara moja. Vipande vifupi vina hila yao. Taya linalosogea huzunguka kwenye bolti moja, hivyo ukibana kipande kifupi upande mmoja tu, taya hukaa mshazari na kipande hufyatuka katikati ya mkato. Weka kipande kingine chenye unene uleule upande wa pili wa jiliwa, taya zitakaa sambamba.

Mwendo hubadilishwa kwa kuhamisha mkanda wa mota kwenye puli, na kwa kawaida kuna hatua tatu: takriban mita 24, 36 na 60 kwa dakika kwenye umeme wa hezi 60. Kama umeme wako ni wa hezi 50, toa sehemu moja ya sita, upate 20, 30 na 50. Ile ya polepole ni ya chuma kigumu na kisichoshika kutu, ya katikati ni ya chuma laini, na ya kasi ni ya aluminiamu. Hata hivyo mwalimu wa kweli ni chenga zinazodondoka. Zikiwa zimejikunja na zina rangi ya chuma, kila kitu kiko sawa. Zikiwa unga, mkono ni mwepesi mno na meno yanasugua. Zikiwa za buluu na nene, punguza uzito au kasi. Uzito huo unaurekebisha kwa springi iliyo nyuma ya mkono. Chuma kisichoshika kutu hakisamehe bledi inayosugua, kwa sababu uso wake hukakamaa papo hapo, hivyo kipe uzito wa kutosha na oili ya kukatia. Chuma cha kusubu kikate kikavu.

Bledi ikiwa mpya, mikato ya mwanzo punguza uzito hadi nusu ili ncha za meno zipoteze ule ukali wake wa kupita kiasi bila kumeguka, na usiiingize katika mkato ulioachwa na bledi ya zamani, kwani itakwama. Geuza kipande uanze upande wa pili.

Mkono ukisimamishwa wima na kufungiwa kile kimeza kidogo, mashine hukata pia mikunjo, lakini bledi ya upana wa milimita 13 haikubali mkunjo wenye nusu kipenyo chini ya milimita 65 hivi. Kimeza chenyewe ni cha bati, tengeneza kingine kinene. Kwa kazi hiyo vidole viko mbele ya meno, basi sukuma kwa kipande cha mbao, vaa miwani ya kinga, na usivae glavu mashine ikiwa inazunguka. Glavu zivae unapofungua bledi mpya iliyokunjwa, kwa maana hufyatuka ghafla.

Kabla ya kulipa, omba kifuniko cha magurudumu kifunguliwe na uyazungushe kwa mkono. Sikiliza kama giaboksi inakwaruza, shika kila gurudumu ulitikise kuona kama limelegea kwenye ekseli, kisha shika ncha ya mkono uusukume kushoto na kulia. Mkono ukicheza kwenye bawaba, tafuta mashine nyingine, maana hilo beringi za bledi haziwezi kulisahihisha. Miguu ya bati ikiyumba usijali, utaifunga kwenye ubao mpana. Angalia pia urefu wa bledi ulioandikwa kwenye kibao chake: nyingi za ukubwa huu hutumia milimita 1638, na ikiwa yako inataka urefu usio wa kawaida, niandikie kwanza kabla hujatoa fedha.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote